Chuo Saizi Yake

Wifi yangu Ramona Hruska anaandika majina ya watoto wa watu kwa krimu. Ndiyo kazi yake, kwenye kaunta ya keki ya supamaketi hapa Harrow Ferry, na mimi nakata nyama na jibini kaunta ya jirani, kwa hiyo chochote kinachompata nakijua kabla ya padri. Kaka yangu alimwoa, wakampata Colette, kisha akaenda Arizona kutafuta hali nzuri ya hewa na hakurudi. Mungu amsamehe, mimi bado. Undugu wangu na Ramona sikuuvunja, maana mume kukimbia hakumfanyi wifi kuwa mtu baki.

Ukitaka kujua mwaka huu mtoto wa nani kapokelewa chuo gani, usiende shuleni kuuliza, njoo kaunta ya keki. Siku hizi mtoto akipata chuo, mzazi hatosheki na kumkumbatia. Lazima keki yenye rangi za chuo na jina la chuo, tena kitanda cha mtoto kipambwe kwa fulana na vibendera, apigwe picha kakaa katikati ya vitu vyote hivyo kama bwana harusi. Keki zote zinapita mikononi mwa Ramona. Anajua nani kafurahi, nani kaambiwa asubiri hadi masika, na nani aliagiza mapema kisha akapiga simu kwa sauti ya chini kuomba iandikwe tu heri ya siku ya kuzaliwa.

Ramona ni mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi. Mfuko wa krimu ukiwa mkononi mwake huandika vizuri kuliko mwalimu ubaoni. Na ana roho ya kisasi, simfichi, hata mwenyewe hajifichi. Ukimruka kwenye foleni leo, mwakani atakukumbusha koti ulilovaa. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha chuma, naye alikuwa hivyo hivyo. Alimwachia nyumba ya matofali Mtaa wa Pine na hiyo tabia, na Ramona anavitunza vyote viwili vizuri.

Sasa nikuambie habari ya Patty Yurko.

Patty alizaliwa mtaa huo huo wa Pine, nyumba ya nne kutoka kwa kina Ramona. Walikula pierogi, vile vidonge vya unga vilivyojazwa viazi, kwenye chungu kimoja cha udongo, na waliazimana viatu. Kisha Patty akaolewa na daktari wa kunyoosha meno, wakahamia juu kilimani kwenye nyumba zenye gereji za magari matatu, na jina nalo likapanda kilima. Akawa Patrice Lindqvist. Ukimwita Patty anageuka taratibu, kama vile kuna mtu mwingine nyuma yake. Ana mtoto mmoja wa kiume, Graydon, ambaye yuko darasa moja na Colette tangu chekechea, na wote wawili wanapiga trombone kwenye bendi ya shule.

Kwaresima iliyopita tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, Ijumaa, siku ya samaki wa kukaanga. Ramona na mimi tulikuwa jikoni na aproni zetu, Colette anapeleka sahani mezani. Kina Lindqvist walikuwa wamekaa meza ya katikati na wazazi wengine wa darasa lile, na mazungumzo yalikuwa yale yale ya mwaka wa mwisho wa shule: vyuo, vyuo, vyuo. Mtu mmoja akauliza Colette anafikiria wapi. Mtoto, sahani mbili mkononi, akajibu kwa adabu kwamba anafikiria Whitcombe.

Whitcombe ni chuo cha mawe na miti mikubwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Kina Lindqvist walikuwa wameshaanza kuvaa kofia zake.

Patrice akaweka mkono kwenye mkono wa mtoto. "Colette, mpenzi," akasema, "unajua kila mtoto ana chuo saizi yake. Chako kipo hapa hapa juu ya mlima, unaenda asubuhi unarudi jioni, unamsaidia mama. Usijibane kwenye kitu kisicho saizi yako." Halafu akaangalia dirisha la jikoni, Ramona akiwa amejaa pale na aproni iliyogoma kufungika nyuma, akacheka kidogo. Meza nzima ikacheka kidogo.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini Patrice hakujikwaa. Alikanyaga kwa makusudi. Washauri wa shule wanalipenda sana neno hilo la saizi, wanalisema kwa wema, chuo kinachokufaa, kinachokukaa sawasawa. Yeye alilichukua akalifanya kipimo cha fundi cherehani, akampima mtoto, akampima na mama yake, mbele ya watu wenye midomo imejaa samaki.

Ramona hakutoka jikoni. Alikaanga samaki hadi mwisho, akaosha masufuria. Tulipofika kwenye gari akashika usukani bila kuwasha.

"Wifi, umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

"Sawa. Mtoto ataingia Whitcombe. Ataingia na ufadhili. Na siku hiyo nitatengeneza keki ya trei nzima, nitaipeleka mwenyewe kilimani, nigonge mlango wake. Nitaandika kwa herufi kubwa: SAIZI YA COLETTE. Patty Yurko atanikoma."

Tangu siku hiyo hakukuwa na habari nyingine. Colette ana kichwa, hilo halina ubishi, hata bila ugomvi angesoma. Lakini sasa alisoma akiwa na mama yake mlangoni. Kiangazi chote aliandika ile insha ya kujieleza, Ramona akiisoma na kusema, hapa weka ukali, waone. Mtoto anaandika habari za trombone, mama anataka ukali. Vuli ilipofika, majani yakaanza kudondoka, wakapeleka maombi ya mapema, yale ambayo majibu yake huja kabla ya Krismasi. Graydon naye alipeleka huko huko, na kwa wakati huo huo.

Ufadhili ndio ulikuwa jambo lenyewe. Whitcombe wanatoa ufadhili wa sifa kwa watoto wachache wenye alama za juu, na jibu lake linakuja pamoja na jibu la kupokelewa. Bila ufadhili huo Whitcombe kwetu sisi ni duka la vito, unaangalia kupitia kioo unaendelea na safari yako. Kila mtu nyumbani alijua. Na si kwamba mtoto hakuwa na pengine pa kwenda. Chuo cha jimbo, kile cha juu ya mlima, kilikuwa kimeshamkubali tangu Oktoba, wamemwahidi masomo bure kwa miaka yote. Colette alikuja dukani kutuambia, bado kavaa kofia ya bendi, uso unang'aa. Ramona akasema vizuri, akarudi kwenye keki yake. Barua ile aliiweka kabatini chini ya vitambaa vya meza. Ndicho chuo Patrice alichomtajia mtoto, kwa hiyo hakikuwa na maana tena.

Nilimwambia, "Wifi, hiyo ni bahati. Kuna watu wanafunga na kusali wapate hiyo."

"Wasali," akanijibu. "Mimi sitampa yule mwanamke raha ya kusema alijua."

Desemba ikaingia na theluji yake. Huku kwetu mwezi huo kuna adabu moja: humuulizi mzazi wa mwaka wa mwisho kama mtoto amesikia. Unamuuliza habari ya barabara, habari ya mafua, unakwepa kabisa. Patrice hiyo adabu aliiacha Mtaa wa Pine. Alikuja kaunta ya keki kabla ya majibu kutoka, glavu za ngozi mkononi, akasema anataka kuagiza keki ya Graydon kwa ajili ya karamu ya Jumamosi, siku moja baada ya majibu. Rangi za Whitcombe, zambarau na dhahabu, na nembo.

Mimi nilikuwa nakata nyama ya bata mzinga, nikaacha mashine inazunguka bure. Usikate mbeleko mtoto hajazaliwa, ndivyo tulivyofundishwa, na huyu alikuwa anakata na kudarizi.

"Majibu yametoka?" Ramona akauliza, ingawa alijua.

"Ni suala la kuwa rasmi tu," Patrice akasema. "Baba yake alisoma pale, na babu yake. Colette je, bado yuko na ile ndoto?"

"Bado."

"Mungu ambariki."

Ramona akachukua kalamu. Sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote, ile sauti ninayoiogopa. "Keki saizi gani?"

"Kubwa kuliko zote mlizonazo," Patrice akasema, akavaa glavu zake.

Siku zilizobaki Ramona hakufaa kwa kazi. Alikuwa anaingia kwenye chumba cha baridi, kule nyuma, anafungua simu na kuangalia ukurasa wa chuo, kama vile majibu yangeweza kutoroka kabla ya siku yake. Bibi mmoja anayestaafu benki aliandikiwa keki ya kipaimara. Nyumbani, Colette alipiga marufuku rangi ya zambarau, hata soksi, asije akajitia nuksi. Hakuwa akila vizuri. Mara mbili alinifuata mimi dukani akanunua kipande kidogo cha jibini ambacho hakukihitaji, akasimama tu pale kaunta.

"Shangazi," akaniuliza safari ya pili, "wakinikataa, mama atafanya nini?"

Nikamwambia mama yake atalia, kisha atapika. Akatikisa kichwa. "Sio hivyo," akasema. "Halafu wakinikubali lakini wasinipe ufadhili?" Nikamwambia asijitafutie mawazo. Nilikuwa na mteja nyuma yake anasubiri soseji, sikumjibu zaidi ya hapo.

Ijumaa ikafika. Majibu yalitoka saa kumi na moja jioni, watoto wa bendi wakiwa shuleni kwa mazoezi ya tamasha la Krismasi. Ramona na mimi tulikuwa nyumbani kwake. Alikuwa kaandika karatasi ya kuagizia keki yake mwenyewe, ile ya kupeleka kilimani, imelala mezani tayari. Simu haikulia. Alizunguka meza ile mpaka nikamwambia akae, nizungukwe na nzi ni afadhali. Tukasikia mlango wa mbele.

Colette aliingia na theluji mabegani. Aliweka begi la trombone chini polepole, akasema, "Wamenikataa."

Ramona akasema, "Onyesha."

"Nimeufuta ukurasa. Sikutaka kuuona tena."

Nilitegemea mwanamke yule aanguke. Hakuanguka. Alimkumbatia mtoto, akamshika hivyo muda mrefu, na juu ya bega la mtoto niliyaona macho yake, na hayakuwa na machozi hata kidogo. Colette alipopanda chumbani kwake, Ramona akauliza swali moja tu.

"Na Graydon?"

Graydon alikuwa amepata. Mji wote ulijua kabla ya chakula cha jioni, maana Patrice alikuwa ameshaweka mtandaoni picha ya kitanda.

Kuku wa maskini hatagi, Ramona akasema, na mtoto wa daktari anataga bila kupanda kiotani. Akaanza kuhesabu dhambi za Patrice kuanzia viatu vya kuazima. Akafika kwenye jambo jipya, kwamba lazima kina Lindqvist walinong'ona mahali, waliharibu mahali, watu wale wanajuana. Nilimwambia hana ushahidi. Akasema ushahidi ni wa mahakamani.

Asubuhi yake tulikuwa zamu ya alfajiri. Keki ya Graydon ilikuwa haijatengenezwa. Ramona alitoa masponji matatu makubwa ya keki kwenye friza, akayapanga mezani, akatia krimu kwenye bakuli kwa ajili ya kujaza katikati. Kisha akatoka kwenye kaunta yake, akapita kwangu bila kuniangalia, akaenda rafu ya viungo, akarudi na mkebe wa chumvi.

Nikamfuata. "Wifi, we mwanamke, unafanya nini?"

"Najaza keki."

"Watakufukuza kazi."

"Nani atasema? Patrice atasimama mbele ya wageni wake wa kilimani aseme keki ya mwanangu ina chumvi? Atakula. Atameza. Wote watameza, kama nilivyomeza mimi kwenye ukumbi wa kanisa."

Alimwaga chumvi hadi mkebe ukawa mwepesi, akakoroga. Nisingeweza kumzuia, na nikisema kweli sikujitahidi sana, maana hata mimi nilikuwepo siku ile ya samaki. Akapaka, akafunika, akalainisha pembe. Halafu akaandika HONGERA GRAYDON kwa dhahabu juu ya zambarau, na nembo ya Whitcombe, na majani yake na kitabu chake, na sijapata kumwona akiandika vizuri hivyo. Alikuwa na sura tulivu kama mtu anayeomba rozari.

Patrice alikuja kabla ya mchana. Foleni ilikuwepo, Jumamosi ya kabla ya Krismasi, watu wa mkate, watu wa biskuti. Ramona akaleta sanduku, akalifungua ili mteja aone, kama tunavyotakiwa. Patrice akashika kifua chake. Ilikuwa keki nzuri mno, Mungu anajua.

"Mona," akasema. Hakuwa amemwita Mona tangu walipokuwa wasichana. "Mona, ni nzuri sana. Na hongera na wewe. Graydon kaniambia kila kitu. Kuingia Whitcombe si mchezo."

Ramona alikuwa amekamata kifuniko cha sanduku. Hakukishusha.

"Walifungua pamoja, kwenye chumba cha bendi," Patrice akaendelea. "Wakaruka wote wawili, anasema. Ila pole, mpenzi, kuhusu ufadhili. Kumpa mtoto kama yule vijisenti vya kununulia vitabu, ni aibu. Nilimwambia mume wangu Dale, ni aibu. Na wewe umelibeba vizuri, kusema kweli. Mimi ningelia wiki nzima."

Mimi kisu cha jibini kilinisimama mkononi. Nilimtazama Ramona, nikaona jambo linaingia usoni mwake polepole, kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine na katikati anasikia jina lake. Mtoto alipokelewa. Mtoto alisema amekataliwa. Mwanamke wa kilimani alijua, mtoto wa kilimani alijua, na mama hakujua. Na foleni nzima ilikuwa inasikiliza, nyuma ya Patrice kulikuwa na wawili wa meza ile ile ya Kwaresima.

Sijui alipata wapi sauti. Aliinua kidevu.

"Ahaa, Whitcombe," akasema. "Tulikiangalia, Patty. Tukakaa chini, mimi na mwanangu, tukakitazama vizuri. Tukaona si saizi yake."

Patrice akafungua mdomo.

"Kinambana," Ramona akasema. "Kidogo mno kwa yule mtoto. Lakini kwa Graydon naona kimekaa sawasawa. Kimemkaa utadhani alipimwa."

Kuna mtu kwenye foleni alikohoa, na hakikuwa kikohozi cha mafua. Shingo ya Patrice ilipanda rangi hadi masikioni. Miezi yote ile tangu Kwaresima niliisubiri siku hii pamoja na wifi yangu, na nakwambia wazi, nilifurahi. Nilifurahi hadi vidole vya miguu.

Sasa hapo ndipo mtu mwingine angesema, subiri kidogo, kuna kasoro, nikutengenezee nyingine. Ameshalipiza kwa mdomo, hahitaji chumvi. Nilimkazia macho. Ramona akafunga sanduku, akalibandika mkanda pande zote, akalisukuma mbele.

"Mle vizuri," akasema.

Na nikumalizie habari ya hiyo keki hapa hapa, maana inaudhi. Haikuliwa. Watu wa kilimani hawali keki, wanaipiga picha. Graydon ndiye aliyemsimulia Colette baadaye: walisimama nayo, wakapiga picha, akakata kipande kimoja cha picha, kisha wageni wakala mboga mbichi na kachumbari ya parachichi, kila mmoja akisema ameacha sukari. Mbwa wao alilamba upande mmoja akanywa maji jioni nzima. Jumapili keki iliingia kwenye pipa, na Patrice aliweka picha yake akamsifia Ramona wetu wa kaunta ya keki, mikono ya dhahabu. Wateja waliongezeka. Chumvi yote ile, na hasira yote ile, na mtu hakuonja.

Lakini saa ile hatukuyajua hayo. Patrice alipotoka, Ramona alivua aproni. Alijaribu kutoa funguo za gari mfukoni zikamwanguka, nikaziokota mimi, nikamwambia meneja kwamba wifi yangu anaumwa, na halikuwa neno la uongo. Nikaendesha mimi. Tulipokata kona ya Mtaa wa Pine akasema, "Wameruka wote wawili. Umesikia? Aliruka."

Tulimkuta Colette jikoni, anakula pierogi za jana zilizopashwa kwa siagi na vitunguu. Ramona hakuvua koti wala buti. Theluji ilianza kuyeyuka sakafuni.

"Walikukubali," akasema.

Colette akaacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Patty Yurko. Kaunta, mbele ya watu. Akanipa na pole."

"Nilimwapisha Graydon asiseme."

"Ulimwapisha Graydon." Sauti ya Ramona ilikuwa ndogo. "Mimi ni mama yako, Colette. Mwanamke yule anajua habari ya mwanangu, mimi sijui. Ungenichapa kibao ingekuwa nafuu."

Mtoto alisukuma sahani pembeni kidogo. Ana macho ya kaka yangu, lakini yeye hakimbii. "Ufadhili hawakunipa, mama. Wamenipa kitu kidogo sana. Ningekuja jana nikakwambia nimepokelewa bila ufadhili, ungefanya nini?"

Ramona aliangalia ukuta, akaangalia dirisha lile ambalo baba yake alilitia kwa mikono yake mwenyewe. Dukani alisema aliyoyasema, lakini nyumbani kwake hasemi uongo.

"Ningeuza nyumba."

"Nyumba ya babu."

"Jumatatu asubuhi."

"Najua. Nilikuwa naijua hata siku." Colette hakupaza sauti. "Yule mama alinidharau mara moja, Ijumaa moja, nikasikia vibaya, nikasahau. Wewe umenishika kama rungu tangu Kwaresima. Nimekuletea barua ya masomo ya bure kabisa, miaka yote, hukuisoma hata mara mbili. Umeifunika vitambaa. Mama, nikuulize. Ungeuza nyumba ili nisome, au ili Patrice aone?"

Nilitamani kuingilia. Nilikuwa na la kusema, kwamba mama mtu anampenda mwanawe, kwamba maneno mengine hayaulizwi. Ramona akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanizuia. Alifikiri. Aliifikiria kweli, niliona, kama anavyofikiri jina gumu kabla ya kuliandika.

"Aone," akasema.

"Basi ndiyo maana," alisema Colette, akavuta sahani yake, akaendelea kula.